Si kansa, lakini uko wapi? Uvimbe wa mfupa unaoota mahali pasipotarajiwa

Mwezi uliopita, kundi la WhatsApp la harambee mtaani kwetu Nyamasaria, Kisumu, liligawanyika usiku mmoja. Tulikuwa tunamchangia mvulana wa miaka 13, mtoto wa jirani, ambaye mgongo ulikuwa umemuuma karibu mwaka mzima. Mama yake alituma picha ya karatasi ya hospitali. Ilisema mtoto ana uvimbe kwenye mfupa wa uti wa mgongo, na kwamba uvimbe huo si wa saratani.

Nusu ya kundi ikaanza kuomboleza. "Uvimbe wa mfupa ni kansa tu, hawataki kumwambia mama," mmoja akaandika. Nusu nyingine ikamshukuru Mungu, kisha ikauliza kwa nini tunaendelea kuchanga. Kama si kansa, mtoto apewe dawa ya maumivu arudi shule. Mama mwenyewe alinipigia simu saa nne usiku, kwa kuwa anajua mimi huandika mambo ya afya. "Sasa mwanangu ni mgonjwa au si mgonjwa?" akauliza.

Nilimjibu usiku uleule, lakini jibu la simu lilikuwa fupi mno. Hili hapa ndilo refu.

Mfupa ni kitu hai. Una damu, una neva, una seli zinazojenga na nyingine zinazobomoa kila siku, ndiyo maana mkono uliovunjika huunga. Uvimbe wa mfupa huanza pale kundi la seli linapozaliana bila kufuata utaratibu wa jirani zake. Ukiwa wa saratani, seli zake hubomoa mipaka, huingia kwenye damu na kwenda kuota kwingine, hasa mapafuni. Usipokuwa wa saratani hubaki ulipozaliwa. Unaweza kukua, unaweza kuuma, lakini hauhami.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tuna mfano wa karibu. Saratani ni kama gugu maji: leo liko Dunga, upepo ukigeuka limefika ng'ambo ya ghuba, na kila kipande kilichokatika kinaanza maisha yake upya. Uvimbe usio wa saratani ni kama kichuguu. Kinaongezeka taratibu, palepale. Sasa fikiria kichuguu hicho kimeota wapi. Kikiwa pembeni mwa shamba la mahindi, utalima ukikizunguka miaka yote. Kikiota chini ya nguzo ya nyumba yako, utaita fundi wiki hiyohiyo, na hutamsikiliza mtu anayekuambia kwamba mchwa ni walewale tu.

Hapo ndipo kundi letu lilipopotea. Karatasi ilikuwa imetaja aina ya uvimbe na mahali ulipo. Sote tulisoma aina tukaruka mahali.

Pa kawaida na pasipo pa kawaida

Aina nyingi za uvimbe wa mfupa hupenda sehemu ambazo mtoto hukua kwa kasi: mwisho wa mfupa wa paja juu ya goti, mwanzo wa muundi chini ya goti, na mkono karibu na bega. Daktari akiona nundu ngumu juu ya goti la kijana wa miaka 15, mawazo yake huenda haraka panapostahili. Eksirei moja ya goti mara nyingi hutosha kumpa jibu.

Lakini uvimbe uleule unaweza kuota kwenye pingili za mgongo, kwenye fupanyonga, chini ya kombe la bega, kwenye ubavu, kwenye taya, ndani ya kidole au kwenye mifupa midogo ya unyayo. Huko mambo hubadilika kwa namna mbili. Kwanza, mgonjwa hulalamika kama mtu mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Pili, hata ukijulikana, kuutoa kunaweza kugusa kitu kisichogusika ovyo, kama vile ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, au neva zinazoongoza kibofu.

Maumivu yanayoamka usiku

Uvimbe wa mvulana wetu unaitwa osteoidi osteoma. Daktari Henry Jaffe wa New York ndiye aliyeueleza kama ugonjwa wa pekee mwaka wa 1935. Ni mdogo sana. Kiini chake kwa kawaida hakizidi sentimita 1.5, karibu ukubwa wa punje ya maharagwe, lakini maumivu yake humtoa mtu mzima machozi. Huwapata zaidi watoto na vijana, na wavulana kuliko wasichana. Maumivu huzidi usiku. Tena hutulia kwa namna ya kushangaza mtu akimeza aspirini au brufen, kwa sababu kiini hicho hutoa kwa wingi kemikali iitwayo prostaglandini, na dawa hizo huzuia kemikali hiyohiyo isitengenezwe.

Ukikaa kwenye mfupa wa paja, simulizi hiyo pekee humfanya daktari mzoefu ashuku mara moja. Kwa baadhi ya wagonjwa, takriban mmoja kati ya kumi, hukaa kwenye uti wa mgongo, kwa kawaida katika sehemu ya nyuma ya pingili. Hapo misuli ya upande mmoja hukaza kuukinga, na mgongo huanza kupinda. Mzazi huona mtoto anakaa upande. Mwalimu humwambia anyooke. Huyu wetu aliambiwa ni begi zito la shule, baadaye ni madumu ya maji, baadaye akatibiwa malaria mara mbili, na mwishowe jamaa mmoja wa ukoo akasema kuna mtu kamfanyia kitu. Brufen ilimsaidia kila usiku. Kwa kuwa ilimsaidia, kila mtu alidhani tatizo ni dogo.

Kwa eneo letu kuna sababu zaidi za kuchelewa, na siwalaumu madaktari kwa hilo. Ukanda huu wa ziwa una watoto wengi wenye selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, na selimundu huleta maumivu makali ya mifupa. Kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo. Maambukizi ya mfupa yanayojificha polepole yanaweza kufanana na osteoidi osteoma hata kwenye picha. Daktari anayeanza na hayo yaliyo mengi anafanya kazi yake vizuri. Kinachotakiwa ni kutosimama hapo matibabu yasipozaa matunda. Kuna dalili moja ya picha ambayo huwasaidia: kifua kikuu cha mgongo kwa kawaida hula sehemu ya mbele ya pingili na diski iliyo kati ya pingili mbili, ilhali osteoidi osteoma hukaa nyuma na kuiacha diski salama.

Na sasa jibu kwa waliouliza kwa nini tuendelee kuchanga. Uvimbe huu unaweza kuisha wenyewe, ila huchukua miaka. Mgongo wa mtoto anayekua hauwezi kungoja. Upasuaji ukifanyika mapema, mgongo uliopinda mara nyingi hunyooka wenyewe. Madaktari hutaja takriban miezi 15 tangu maumivu yaanze kama kipindi ambacho matumaini hayo bado ni makubwa, na baada ya hapo mpindo huweza kuwa wa kudumu. Mtoto wetu alikuwa mwezi wa kumi na moja. Tulikuwa tunachangia muda.

Taya, bega na kidole

Hakuna mahali penye mkanganyiko mkubwa kama taya, na hapa namwomba msomaji asome taratibu.

Mtu mzima wa miaka 30 akivimba taya la chini pole kwa pole, mwaka hadi mwaka, bila maumivu makubwa, mojawapo ya mambo yanayofikiriwa ni ameloblastoma. Huu hautokani na mfupa wenyewe, hutokana na seli za ukoo wa zile zinazotengeneza ganda gumu la jino, lakini huishi ndani ya mfupa na kuula. Kwa kawaida si saratani. Hata hivyo ni mkaidi: ukikwanguliwa tu, hurudi mara nyingi. Ndiyo maana daktari wa upasuaji wa kinywa na taya anaweza kusema atakata kipande cha taya pamoja na sentimita moja au zaidi ya mfupa mzima pembeni, kisha ajenge upya kwa bamba la chuma au kwa kipande cha ule mfupa mwembamba wa mguuni, chini ya goti. Nimeona familia zikikimbia zikisikia hivyo. "Kama si kansa, mbona anataka kukata taya lote?" Ni swali la haki. Jibu ni kwamba uvimbe huu huwa na vijidole vinavyoingia kwenye mfupa ulio kando, na picha haivionyeshi vyote.

Lakini mtoto wa miaka mitano au saba ambaye taya limevimba ndani ya siku chache na meno yanalegea, huyo asisubiri Jumatatu. Katika maeneo yetu yenye malaria nyingi, hiyo inaweza kuwa limfoma ya Burkitt. Jina hilo linatokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliyechapisha maelezo yake mwaka wa 1958. Hiyo ni saratani, tena miongoni mwa zinazokua haraka kuliko zote, hata kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Habari njema ni kwamba husikia dawa vizuri sana, na watoto wengi hupona wakifika mapema. Kasi ya kukua ndiyo inayotenganisha habari hizi mbili, na mama anayemwogesha mtoto kila jioni huiona kabla ya daktari yeyote.

Kwenye bega mambo ni mepesi kidogo. Osteokondroma ndiyo aina inayopatikana zaidi kati ya uvimbe wa mfupa usio wa saratani. Ni nundu ya mfupa yenye kofia ya gegedu, yaani ile tishu laini kama ya sikio. Ikiota upande wa ndani wa kombe la bega, yaani kati ya kombe na mbavu, mtu husikia mfupa ukikwaruza au ukipiga "ko" akiinua mkono, na kombe huweza kutokeza nje kama bawa. Hukua mtoto anapokua na husimama anapoacha kurefuka. Ikiendelea kukua kwa mtu mzima, au ikianza kuuma bila sababu, ionwe, kwa kuwa takriban moja kati ya mia huweza kugeuka saratani. Wapo pia wanaozaliwa na urithi wa kuwa na nundu nyingi mwilini. Kwao hatari ni kubwa zaidi, na kila mtoto wao ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi.

Kidole? Mtu anajigonga kidogo kwenye mlango wa matatu, kidole kinavunjika, na eksirei inaonyesha mfupa ulikuwa na shimo lililojaa gegedu. Huo ni enkondroma, uvimbe wa mfupa unaopatikana zaidi mkononi. Mara nyingi huachwa mfupa uunge kwanza, kisha ukwanguliwe ikihitajika.

Ule unaokaribia kuvuka mpaka

Kuna aina moja inayokataa kuingia vizuri kwenye mfano wangu wa kichuguu. Ni uvimbe wa seli kubwa, ambao huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40. Nyumbani kwake ni karibu na goti na kifundo cha mkono, lakini huweza kuota kwenye sakramu, mfupa wa pembetatu ulio mwisho wa mgongo, juu ya makalio. Hauitwi saratani, ila hula mfupa kwa nguvu, hurudi, na kwa wachache, labda wawili au watatu kati ya mia, mbegu zake hufika mapafuni. Kwenye sakramu mgonjwa huhisi maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, na watu humpeleka akachuliwe kwa miezi. Wengine hugundulika wakati haja ndogo imeanza kuwa ngumu.

Kuutoa pale ni kazi nzito kwa sababu neva za kibofu, za haja kubwa na za tendo la ndoa hupita humo humo. Tangu mwaka wa 2013, Marekani ilipoidhinisha dawa iitwayo denosumabu kwa uvimbe huu, madaktari wamekuwa na njia ya kuupunguza makali kabla ya kisu, au kuuzuia pale ambapo kisu kingeharibu zaidi. Dawa hiyo ina masharti yake: kalsiamu ya mwili hufuatiliwa, na meno huangaliwa kabla ya kuanza.

Kwa nini eksirei moja haitoshi

Eksirei ni kivuli. Ili shimo la mfupa lionekane kwenye kivuli, sehemu kubwa ya madini ya mfupa, theluthi au hata nusu, huwa imeshaliwa. Kwenye goti kivuli ni safi. Kwenye fupanyonga, hewa na kinyesi cha matumbo hufunika. Kwenye mgongo, pingili, mbavu na moyo hupandana. Kwa hiyo mtu kuambiwa "eksirei yako ni safi" akiwa na maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, hilo bado si jibu la mwisho.

CT skani hukata picha kama mkate wa boflo, kipande baada ya kipande, na ndiyo inayokiona kile kiini cha osteoidi osteoma vizuri kuliko picha nyingine. MRI huona nyama, uboho na neva, na humwambia daktari kama uvimbe unaubana ugwe wa mgongo. Nimesikia mtu akilalamika kwamba ametumwa apige zote mbili ili aliwe pesa. Inawezekana yupo anayefanya hivyo, lakini kwa uvimbe wa mgongo picha hizi mbili hujibu maswali mawili tofauti.

Baada ya picha huja biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo kikapimwe maabara. Hapa ndipo uvumi ulipo mkubwa: "kisu kikigusa, kansa inaamka." Kisu hakigeuzi uvimbe kuwa saratani. Ila ndani ya uvumi huo kuna chembe ya ukweli inayostahili heshima. Mwaka wa 1982, Henry Mankin na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba biopsi zilizofanywa bila mpango mzuri, hasa kabla mgonjwa hajafika kituo kitakachomtibu, zilileta makosa na madhara mengi zaidi. Walirudia kazi hiyo mwaka wa 1996 na kukuta hali ni ileile. Njia ya sindano inaweza kubaki na seli, kwa hiyo inatakiwa ipitishwe pale ambapo daktari atakayefanya upasuaji mkuu ataweza kuikata pamoja na uvimbe. Kwa hiyo usikatae biopsi. Uliza ni nani ataifanya, na kama ndiye au anashirikiana na atakayekupasua. Peleka na picha zako, kwa sababu mtaalamu wa maabara anayesoma kipande cha mfupa bila kuona picha anasoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Kuna uvimbe usiohitaji biopsi kabisa. Watoto wengi huwa na madoa ya nyuzinyuzi kwenye mifupa ya miguu, hugunduliwa kwa bahati baada ya kuanguka mpirani, na hujaa mfupa wenyewe wakikua. Hapo daktari mzuri ni yule anayekuambia rudi nyumbani.

Matibabu

Kuangalia tu ni matibabu, ikiwa kuna tarehe ya kurudi na picha ya kulinganisha. Zaidi ya hapo, daktari anaweza kukwangua shimo na kulijaza mfupa wa kupandikiza au sementi ya mifupa. Mafundi wa ujenzi wanajua sementi hupata joto inapokauka. Hii ya hospitali nayo hupata joto, na joto hilo husaidia kuua seli zilizosalia ukutani. Kwa osteoidi osteoma kuna njia ya sindano: huongozwa na CT mpaka kwenye kiini, kisha ncha hupashwa joto la nyuzi 90 kwa dakika chache, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Ilianza kuelezwa miaka ya mapema ya 1990. Kwenye mgongo hutegemea umbali kati ya kiini na neva. Vikiwa karibu mno, au pasipo na mashine, kiini hutolewa kwa upasuaji.

Kuchua si miongoni mwa hayo. Nawaheshimu wazee wetu wanaounga mifupa, wapo wenye mikono ya ajabu, lakini mfupa ulioliwa ndani ni kama mhimili ulioliwa na mchwa, na mkono wenye nguvu unaweza kuuvunja. Maziwa na kalsiamu haviuyeyushi uvimbe. Na kuanguka hakuuleti. Mtu huanguka, anapigwa picha, ndipo uvimbe uliokuwapo unaonekana.

Hospitali za rufaa za eneo letu, kama Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ambayo wengi bado tunaiita Russia, ile ya Moi kule Eldoret na ya kaunti kule Nakuru, zina madaktari bingwa wa mifupa. Nenda na barua ya rufaa, na hakikisha usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uko sawa kabla hujapanda gari. Beba picha zote ulizowahi kupigwa, hata zile za mwaka juzi zilizoambiwa ni safi, kwa sababu daktari akiziweka kando ya mpya ndipo anajua uvimbe unakua au umelala.

Kundi letu lilifikisha pesa baada ya siku tisa. Mvulana alipasuliwa Jumanne. Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mama yake aliandika kundini: "Amelala mpaka asubuhi." Hakutumia brufen usiku huo. Mgongo bado umeinama kidogo kushoto, na atapimwa tena baada ya miezi mitatu.